Muulize Fundi: Silinda ya rivolva imevimba, nichomeke nyingine?

Safari hii barua nyingi zimekuja kuhusu rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka ikiwa na matundu ya kuwekea risasi, yaani chemba, nadhani ni kwa sababu ya lile jibu fupi nililotoa toleo lililopita kuhusu kusafisha mtutu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndo inayoweza kumtoa mtu vidole au macho.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mfanyabiashara wa mazao hapa Tabora mjini, nina rivolva ya .38 ya chemba sita, leseni ninayo na iko hai, naiweka kwa usalama wa ghala. Siku tuliyoenda kulenga shabaha mlio mmoja ulitoka mkubwa kuliko kawaida, toka hapo ganda la chemba moja linang'ang'ania, halitoki mpaka niligongegonge, na nikiangalia kwa nje naona kama pametuna kidogo kwenye kikato. Kuna jamaa anayo silinda ya rivolva aina ileile, anasema ni kutoa hii na kuchomeka ile, dakika tano kazi imeisha. Niichukue? – Msomaji, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiichukue, na hiyo uliyonayo usiifyatue tena hata mara moja, hata kwa kutumia zile chemba tano zilizobaki. Toa risasi zote, ifungie, halafu tuongee.

Ulichokiona ni kweli na macho yako hayajakudanganya. Silinda ukiitazama kwa nje ina vikato vidogo sita, na chini ya fremu kuna kijino kinachopanda na kuingia kwenye kikato ili silinda isimame palepale risasi ilipotazamana na mtutu. Sasa kwenye rivolva nyingi za chemba sita kile kikato kimechongwa moja kwa moja juu ya chemba, kwa hiyo hapo ndo chuma ni chembamba kuliko sehemu nyingine yoyote ya silinda, na presha ikizidi ndo panapotuna kwanza, na mara nyingine ufa unaanzia hapohapo. Za chemba tano nyingi kikato kinaangukia katikati ya chemba mbili, ndo maana zinavumilia zaidi. Ganda kukwama chemba moja tu huku nyingine tano zinatoa vizuri ni dalili tosha kabisa, huhitaji kipimo.

Lakini kabla ya kuuliza silinda mpya inatoka wapi, jiulize ile ya zamani ilivimba kwa nini. Chuma cha silinda hakituni chenyewe. Yawezekana ile risasi ilijazwa baruti zaidi ya kiwango, hasa kama ni za kujaziwa upya, au kuna risasi iliyotangulia ilikuwa dhaifu ikabaki katikati ya mtutu na ya nyuma ikaigonga. Kama ni hii ya pili, ndani ya mtutu patakuwa na pete, yaani mahali palipotanuka kuzunguka, fundi akimulika taa anaiona kama kivuli cha duara. Mtutu wenye pete nao umeshaharibika. Na kuna kitu cha tatu ambacho wengi hawakiangalii, ule upau wa juu wa fremu unaopita juu ya silinda. Presha ikiwa kubwa mno upau unavutika. Fundi anapima nafasi kati ya uso wa silinda na kitako cha mtutu kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, akikuta juu pana na chini finyu basi fremu imevutika, na hapo hata ukiletewa silinda kutoka kiwandani kwenyewe hiyo bastola imekwisha kazi yake. Kwa hiyo unaweza kumlipa jamaa hela yako ukachomeka silinda nzima kwenye fremu iliyokufa.

Haya, tuseme fremu ni nzima na mtutu ni mzima. Bado silinda haichomekwi kama spea ya pikipiki. Kila rivolva inapotoka kiwandani silinda yake imeshapatanishwa na fundi na fremu ile moja, ndo maana rivolva nyingi za zamani, Webley za Kiingereza kwa mfano, utakuta namba ya fremu imegongwa na kwenye silinda pia. Bastola mbili za modeli moja, mwaka mmoja, ukibadilishana silinda zinaweza kuzunguka vizuri kabisa mkononi halafu zisilingane hata kidogo kwenye kupiga.

Jambo kubwa kuliko yote ni mpangilio wa mzunguko. Nyuma ya silinda kuna nyota yenye meno, chemba sita meno sita. Ukivuta nyundo, kidole cha chuma kilichomo ndani ya fremu kinapanda na kusukuma jino moja, silinda inazunguka, na kile kijino cha chini kinatakiwa kiwe kimeshaingia kwenye kikato KABLA nyundo haijaachiwa. Nasisitiza kabla. Jino likiwa limelika au fupi kidogo, silinda inaishia njiani, chemba haijafika sawasawa mbele ya mtutu, nyundo inashuka hivyohivyo, na risasi inaingia mtutuni ikiwa imekwaruza ukingo. Sehemu ya risasi inakatwa na kurushwa pembeni kwa kasi, inampata aliyesimama kulia au kushoto kwako, na presha inapanda. Nyota mpya ya kiwandani mara nyingi huja na meno yamebakizwa manene makusudi ili fundi ayapunguze kwa jiwe laini, jino moja moja, anajaribu, anapunguza tena, kwa sababu hata meno sita ya nyota moja hayatoki sawa. Nyota iliyotoka kwenye bastola nyingine imeshapunguzwa kwa ajili ya kidole kingine, na chuma kilichoondolewa hakirudi.

Namna ya kujua kama imekaa sawa fundi anatumia fimbo ya chuma iliyochongwa kwa kipimo cha ndani ya mtutu, anaipitisha kutokea mdomoni mpaka iingie chemba, anarudia chemba zote. Ikiingia tano bila kugusa na ya sita ikagonga ukingo, kazi haijaisha. Nimeshika bastola ambazo ukizisikiliza mlio wake wa kufunga ni mtamu, klik klik, na fimbo ikagonga chemba mbili. Sikio halitoshi.

Baada ya hapo kuna nafasi mbili za kupima. Moja ni ile ya kati ya silinda na mtutu, kwa kawaida inakuwa kwenye milimita 0.10 hadi 0.15, ikifika 0.25 unahesabu ni kubwa, inahitaji matengenezo. Nyingine ni mchezo wa mbele na nyuma, unashika silinda unaisukuma kwenda mbele na kurudi, hapo inatakiwa uhisi kidogo mno, karibu na hakuna. Ikicheza sana kila mpigo unaigonga fremu na kuongeza mchezo. Halafu nyuma kuna nafasi ya kitako cha risasi, ikizidi fataki, ile ya kwenye kitako inayowasha baruti, haipigwi sawasawa, ikipungua silinda inakwama kuzunguka.

Na nikuulize, hiyo .38 yako ni .38 ipi? Maana kuna .38 Special na kuna .38 S&W (yaani Smith & Wesson), ile ambayo Waingereza waliichukua kwa ajili ya bastola zao za jeshi, Enfield ya 1932 ikiwemo. Ganda la S&W ni fupi na nene zaidi, la Special ni refu na jembamba. Kuna rivolva nyingi za zamani za vita zilizotobolewa chemba zaidi ili zimeze .38 Special, na matokeo yake ganda linavimba kwa sababu nyuma ya chemba bado ni pana. Kuna na hadithi nyingine kama hiyo ya Webley za .455: Wamarekani walizinunua kwa wingi, wakakwangua nyuma ya silinda ili zipokee risasi ya .45 ACP iliyokuwa inapatikana kirahisi kwao. Ikaingia vizuri tu. Lakini .455 ilikuwa inafanya kazi kwenye presha ya takriban psi 13,000 (psi ni kipimo cha presha) na .45 ACP kiwango chake cha juu ni 21,000, kwa hiyo zile bastola zinapigwa kupita hata presha zilizojaribiwa nayo kiwandani, na zimeshawahi kupasuka. Risasi kuingia kwenye chemba sio ruhusa ya kuipiga.

Sasa huyo jamaa. Silinda kisheria sio spea. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya silaha ya 2001 inaitaja silinda kwa jina pamoja na mtutu na fremu kama sehemu kuu ya silaha, na hapa kwetu tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mtu anayetembea na silinda mfukoni anatafuta mteja, jiulize bastola yake iko wapi na ilikuwa ya nani. Ukiinunua unajiingiza kwenye kesi ya mtu usiyemjua, na leseni yako ambayo umeipata kwa jasho inaenda na maji. Nenda ofisi ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ukiwa na kitabu chako cha leseni, waambie silaha imepata hitilafu, watakuelekeza kwa fundi mwenye kibali cha kutengeneza silaha, na huyo ndo aagize silinda kwa njia ya halali kwa kutumia namba ya bastola yako. Ni polepole, najua, na ghala linakaa bila silaha. Weka mlinzi wa ziada kwa kipindi hicho.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nalinda kwenye kampuni ya ulinzi Kigoma, zamani tulikuwa na rivolva. Usiku nilikuwa naona moto unatoka pembeni ya silinda, sio kwenye mdomo tu. Ni ubovu? Na inawezekana kuziba ile nafasi kabisa? – Mwanga, Kigoma

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Moto kidogo pembeni ni kawaida, ndo ile nafasi ya milimita sifuri nukta moja na ushee niliyoisema hapo juu, gesi lazima ipite maana silinda inatakiwa izunguke bila kusugua mtutu. Ndo maana tunakataza kabisa kuweka kidole cha mkono wa pili mbele ya silinda, gesi ile inakata ngozi. Kama mnarushiwa na chembe za risasi zinazochoma uso hapo ni ubovu wa mpangilio, sio nafasi peke yake.

Kuziba inawezekana na imeshafanyika. Nagant ya 1895 iliyotumiwa na Warusi, ya chemba saba, ukivuta nyundo silinda nzima inasogea mbele inakumbatia kitako cha mtutu, na ganda lake ni refu mpaka linaimeza risasi yenyewe ndani, mdomo wa ganda unaingia mtutuni na kuziba. Ni ufundi mzuri sana lakini gharama yake ni triga nzito mno na risasi za aina yake peke yake. Kwenye rivolva nyingine usijaribu kuziba kwa kuisogeza silinda mbele kwa pete ya chuma (washa), itasugua, ikipata joto itakwama katikati ya kazi, na wewe ni mlinzi.

SWALI: Shikamoo mzee. Mi ni fundi wa lethi huku Sikonge, nachonga bushi, shafti, gia za mashine za kusaga. Watu wananiletea magobole nitengeneze na juzi mmoja kaniletea rivolva haina silinda, anataka nimchongee kwa chuma cha eksili ya gari. Vipimo naweza kuvipata. Nifanye? – Fundi kijana, Sikonge

JIBU: Marahaba kijana wangu. Usifanye, na nakuomba kabisa uyaache na hayo magobole. Najua yametapakaa huko kwenye mapori yetu kwa wawindaji na warina asali, najua mtu akikuletea ni jirani na hela ya kula inatakiwa, lakini kutengeneza silaha bila leseni ya kazi hiyo ni kosa la jinai na lethi yako itachukuliwa kama kielelezo. Mashine uliyoihangaikia miaka itakaa kituoni inaota kutu.

Na kwa upande wa ufundi nikueleze kama fundi kwa fundi, maana wewe vipimo vinakuvutia. Chemba ya .38 Special inabeba mpaka psi 17,000, na ya .357 Magnum mpaka 35,000, na hizo presha zinakuja kwa mpigo wa sehemu ndogo sana ya sekunde, halafu zinarudi tena na tena. Pale kwenye kikato ukuta wa chuma ni mwembamba kama nilivyomwambia mwenzako wa Ng'ambo. Smith & Wesson wenyewe, walioanza biashara katikati ya karne ya 19, walianza kuzipitisha silinda zao kwenye moto maalum wa kukomaza chuma mnamo 1919, kabla ya hapo walitumia chuma ambacho hakijakomazwa na ndo maana za zamani hazipigwi risasi kali. Kukomaza kwenyewe ni joto la kiwango fulani, muda fulani, kupoza kwa namna fulani, halafu kurudisha kwenye joto la chini ili chuma kisiwe kama kioo. Eksili iliyobebeshwa mizigo barabara ya Tabora–Mpanda miaka na miaka ina uchovu na nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Ukiichonga itang'aa vizuri, vipimo vitasoma vizuri kwenye venia, na mteja wako atakuja kuipasua usoni kwake.

Uingereza na Ubelgiji mpaka leo silaha hairuhusiwi kuuzwa kabla haijapigwa risasi ya majaribio yenye presha zaidi ya kawaida kwenye nyumba maalum ya kupima, Birmingham wanayo toka 1813, na kwenye rivolva za Kiingereza utaona kila chemba imegongewa alama yake. Kila chemba, sio silinda kwa ujumla. Wewe hapo Sikonge utapimia wapi?

Mkono wako ni mzuri, gia ya mashine ya kusaga ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Endelea nayo. Na huyo mwenye rivolva isiyo na silinda mwambie aipeleke polisi yeye mwenyewe, wewe usiilaze kwenye karakana yako hata usiku mmoja.

SWALI: Asalaam aleikum baba fundi. Marehemu babu yetu aliacha sanduku, tumelifungua juzi tukakuta bastola ya zamani sana imefungwa kwenye kitambaa, haina ile silinda ya katikati, imeota kutu, ina alama ya herufi ELG ndani ya kiduara. Mtoto wa dada yangu anasema atatafuta silinda mtandaoni aifunge, akidai ikikamilika ina hela nyingi. Roho yangu haitulii. – Mama, Ujiji

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu, na poleni na msiba kama bado ni wa karibu. Roho yako iko sawa kabisa.

Hizo herufi ni alama ya nyumba ya kupimia silaha ya Liège, Ubelgiji. Na kwa Ujiji wala sio ajabu. Wabelgiji waliingia Kigoma Julai 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakaenda mpaka Tabora wakaichukua tarehe 19 Septemba 1916, na Kigoma yenu waliishikilia mpaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Liège ilikuwa mji wa mafundi wa bunduki, viwanda vya Nagant vilikuwa hukohuko na jeshi la Ubelgiji lilitumia rivolva zao toka 1878. Ila Liège iliuza silaha dunia nzima, wafanyabiashara nao walizibeba, kwa hiyo alama peke yake haisemi babu aliipata kwa nani.

Kuhusu huyo mpwa wako, mwite umkalishe chini. Bastola za umri huo zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi, presha yake ndogo. Silinda atakayoipata mtandaoni haitakuwa ya bastola hiyo, fremu imeliwa na kutu, kile kidole cha ndani na kijino cha chini vimelika, hakuna fundi mwenye akili zake atakayezipatanisha. Halafu silinda kutoka nje ni sehemu ya silaha, kuiagiza bila kibali ni kosa lake yeye kama yeye. Na bastola kukosa silinda haiifanyi iwe chuma chakavu mbele ya sheria, bado ni silaha, na kwa sasa iko ndani ya nyumba ambayo hakuna mwenye leseni.

Fanyeni hivi. Msiisafishe, msiipake mafuta, msiivute nyundo, watoto wasiione. Angalieni vizuri sanduku lote kama kuna risasi za zamani, zikiwepo msiziguse kabisa, maana fataki za zamani hazitabiriki. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa aje ashuhudie ilipokutwa, halafu mpigieni polisi waje kuichukua wenyewe, ni bora kuliko nyinyi kuibeba kwenye bajaji mpaka kituoni mkasimamishwa njiani. Mwambieni ukweli wote ofisa atakayekuja: ni mirathi, mmeikuta juzi, haina silinda. Dai hati ya makabidhiano yenye maelezo ya silaha, tarehe na jina la aliyepokea, na uiweke pamoja na karatasi za mirathi. Kama familia ingependa kumbukumbu ya babu isipotee, muulizeni huyohuyo ofisa utaratibu wa kuikabidhi makumbusho, mlipo hapo mna makumbusho ya Livingstone Ujiji, na pigeni picha ya ile alama kabla haijaondoka, polisi wakiwa wapo na wakiridhia.